Kuchagua Lenzi za Namba Zinazobadilika Rangi kwa Jua: Mwongozo Kamili kwa Matumizi ya Kila Siku

Lenzi za fotokromiki ni lenzi za miwani ya namba, yaani miwani iliyotengenezwa kulingana na nguvu ya macho ya mvaaji, ambazo hazina rangi mtu anapokuwa ndani ya nyumba, kisha hukolea na kuwa za kijivu au kahawia anapotoka juani. Zinavutia kwa sababu zinamwondolea mtumiaji kazi ya kubeba miwani miwili na kuibadilisha kila anapopita mlangoni. Hata hivyo, wengi wanaozinunua hujuta, na majuto hayo mara nyingi hayatokani na ubovu wa lenzi bali na kwamba ilichaguliwa bila kuuliza mnunuzi huwa wapi jua linapowaka, anasafirije, na joto la mahali pake likoje. Mwongozo huu unaanzia kwenye maswali hayo kabla ya kufika kwenye fremu na rangi, kwa kuwa mtu akianza na fremu, maswali mengine yote huja akiwa amekwisha kulipa.

Hatua ya kwanza: fahamu ni nini hasa kinachoibadilisha lenzi

Watu wengi hudhani kwamba lenzi hizi hupima wingi wa mwanga. Sivyo. Lenzi za kawaida za aina hii huamshwa na miale ya urujuanimno, yaani sehemu ya mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, hasa ile yenye mawimbi ya urefu wa kati ya nanomita 300 na 400. Ukumbi unaweza kuwa na taa kali kiasi cha kumfanya mtu akunje uso, na lenzi isibadilike hata kidogo, kwa sababu taa za LED zinazotumika majumbani na maofisini hazitoi urujuanimno wa kuiamsha. Kwa upande mwingine, siku yenye mawingu mepesi, ambapo macho hayaumizwi sana na mwanga, lenzi inaweza kukolea vizuri kabisa, kwa kuwa mawingu ya namna hiyo hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo.

Lenzi za kwanza za aina hii zilikuwa za kioo, na zilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na William Armistead na Donald Stookey wa kampuni ya Corning nchini Marekani. Walitia ndani ya kioo chembe ndogo mno za misombo ya fedha, jamii moja na ile iliyotumika katika filamu za picha, isipokuwa kwamba ndani ya kioo badiliko hilo linaweza kurudi nyuma. Lenzi za plastiki zilienea sokoni kuanzia miaka ya 1990, na hutumia njia nyingine: molekuli za rangi ambazo umbo lake ni kama pete iliyofungwa. Mwale wa urujuanimno unapoigonga molekuli hiyo, kifungo kimoja hukatika, pete hufunguka, na umbo jipya linaanza kufyonza mwanga unaoonekana. Miale ikikoma, joto huisukuma molekuli irudi katika umbo lake la kwanza, na lenzi hufifia.

Neno la kushika hapo ni joto. Wakati wote lenzi inapokuwa juani, urujuanimno unafungua pete na joto linazifunga, na weusi unaouona ni matokeo ya mvutano huo. Ndiyo maana lenzi ileile hukolea sana asubuhi yenye baridi mlimani, na hukolea kidogo zaidi adhuhuri ya joto kali, japo jua la adhuhuri ndilo kali zaidi. Kasi nayo hufuata mkondo huohuo: katika baridi lenzi hukawia kufifia, na katika joto hufifia upesi. Kwa jumla, lenzi nzuri ya plastiki hupata sehemu kubwa ya rangi yake ndani ya nusu dakika hadi dakika moja, lakini huhitaji dakika kadhaa kurudi kuwa isiyo na rangi. Tofauti hiyo ya kukolea na kufifia ni ya kimaumbile, na hakuna muuzaji anayeweza kukuondolea kabisa.

Hatua ya pili: ichunguze siku yako kabla ya kuchunguza bidhaa

Chukua karatasi uandike, saa baada ya saa, mahali unapokuwa wakati wa mchana katika siku ya kawaida ya kazi na katika siku ya mapumziko. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linaloamua karibu kila kitu kitakachofuata.

Anza na gari. Kioo cha mbele cha gari hutengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zilizogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki, na utando huo huzuia karibu urujuanimno wote unaohitajika kuiamsha lenzi. Matokeo yake ni kwamba dereva aliyevaa lenzi za fotokromiki za kawaida huendesha akiwa amevaa, kwa hakika, miwani isiyo na rangi, hata jua likimchoma usoni. Vioo vya pembeni vya magari mengi havina utando huo na hupitisha kiasi fulani cha miale, kwa hiyo lenzi inaweza kubadilika kidogo upande mmoja, lakini si kiasi cha kumfaa mtu barabarani. Ikiwa karatasi yako inaonyesha kwamba saa zako nyingi za jua kali unazipitia kwenye usukani, basi lenzi ya kawaida ya fotokromiki haitatatua tatizo lako, na ni heri ujue hilo sasa. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua lenzi ya kundi maalumu linaloamshwa pia na sehemu ya mwanga unaoonekana. Nitaieleza katika hatua ya tano. Ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kwa madereva wa safari ndefu, ni kubaki na lenzi za namba zisizo na rangi na kuwa na miwani ya jua yenye namba ndani ya gari, au kipachiko cha jua kinachobanwa juu ya fremu.

Mwendesha baiskeli na mwendesha pikipiki wana hali iliyo kinyume kabisa. Kwa kuwa hakuna kioo kati yao na jua, lenzi zao hukolea kikamilifu, na hapo ndipo hatari inapojificha: wakiingia kwenye handaki, kwenye maegesho ya chini ya jengo au kwenye njia yenye kivuli kizito cha miti, lenzi hubaki nyeusi kwa dakika za kwanza, ambazo ndizo wanazohitaji kuona zaidi. Anayepita njia ya namna hiyo kila siku anapaswa kupunguza mwendo kabla ya kuingia, na kama njia yenyewe ina mahandaki mengi, achague lenzi isiyokolea sana. Mwenye helmeti inayofunika uso wote atagundua jambo jingine, kwamba kioo cha helmeti, ambacho kwa kawaida ni cha plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, huzuia urujuanimno, hivyo lenzi zilizo nyuma yake hazibadiliki ila kioo kikifunguliwa.

Mtu anayefanya kazi ofisini, akatoka mara kwa mara kwa miguu kwenda jengo jingine, sokoni au kituoni, ndiye ambaye lenzi hizi zinamfaa kuliko wote. Mwalimu anayepita kati ya darasa na uwanja, mhudumu wa afya anayetembelea kaya, na mtoto wa shule wako katika kundi hilohilo. Kwa watoto kuna sababu ya ziada: lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho la mtoto hupitisha urujuanimno mwingi zaidi kuliko ya mtu mzima, na mtoto haaminiki kukumbuka miwani ya pili. Anayekaa karibu na dirisha kubwa asishangae akiona lenzi zake zina rangi nyepesi muda wote, kwa kuwa kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha sehemu ya urujuanimno.

Angalia pia saa za mapambazuko na machweo. Jua linapokuwa chini karibu na upeo, mwanga wake huingia moja kwa moja machoni, lakini miale yake ya urujuanimno imepungua sana kwa kupita katika tabaka nene la hewa. Kwa hiyo wakati mtu anapotamani sana msaada, lenzi hutoa msaada mdogo. Kama safari zako za kwenda na kurudi kazini zinaangukia saa hizo na unaelekea upande wa jua, kofia yenye ukingo itakusaidia kuliko kemia yoyote. Fahamu tu kwamba ukingo huohuo wa kofia, adhuhuri, huweka kivuli juu ya lenzi na kuifanya isikolee kama ambavyo ingekolea bila kofia.

Mwisho katika karatasi hiyo, andika hali ya joto ya mahali unapoishi. Anayeishi kwenye joto la kudumu la nyuzi 30 na kuendelea asitegemee kuona weusi unaoonyeshwa kwenye vipeperushi vya matangazo. Vipimo vinavyonukuliwa kwa kawaida hufanywa maabara katika nyuzi 23 za Selsiasi. Kuna pia vipimo vya nyuzi 35, na huna budi kuviulizia, kwa kuwa lenzi mbili zinazolingana katika nyuzi 23 zinaweza kutofautiana wazi katika joto.

Hatua ya tatu: hakikisha namba ni mpya na vipimo vya uso ni kamili

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kanuni ni ileile kwa miwani yote. Pima macho upya ikiwa cheti chako cha vipimo vya macho kimepitwa na wakati, hasa ukiwa na kisukari, umewahi kupasuliwa mtoto wa jicho, au umeanza kuumwa kichwa unaposoma. Hakikisha cheti kinaonyesha nguvu ya kila jicho, marekebisho ya astigimatizimu (kasoro ya mviringo wa jicho inayofanya picha isiwe wazi) pamoja na pembe yake, na nyongeza ya kusomea kwa wanaoihitaji, jambo linaloanza kwa wengi wanapofikia miaka 40 hivi. Umbali kati ya mboni za macho upimwe kwa kila jicho peke yake, kuanzia katikati ya pua. Kwa lenzi za progresivu, ambazo zina uwezo wa kuona mbali, kati na karibu katika kipande kimoja, kimo cha mboni nacho lazima kipimwe ukiwa umevaa fremu uliyoichagua, si fremu nyingine inayofanana nayo.

Kama mwanga wa kawaida umeanza kukuumiza macho ghafla, usinunue lenzi yoyote kwanza. Kuogopa mwanga kunaweza kuwa dalili ya uvimbe ndani ya jicho, mkwaruzo wa konea (utando angavu wa mbele ya jicho) au maradhi mengine yanayohitaji tiba, na lenzi yenye rangi itaficha dalili hiyo huku chanzo chake kikiendelea.

Hatua ya nne: chagua mali ghafi ya lenzi

Teknolojia ya kubadilika rangi inaweza kuwekwa kwenye mali ghafi nyingi, na namba yako ndiyo inayoamua ipi inakufaa. Plastiki ya kawaida, inayojulikana kama CR-39, ina kipimo cha kupinda mwanga cha 1.50. Ni nyepesi kiasi, ina picha safi, na inatosha kabisa kwa namba ndogo, tuseme hadi dayopta 2 hivi (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Polikaboneti ina kipimo cha 1.59 na ni ngumu kuvunjika, ndiyo maana huchaguliwa kwa watoto, wanamichezo na wanaofanya kazi zenye vipande vinavyoruka. Udhaifu wake ni kwamba hutawanya rangi za mwanga kuliko CR-39, na mwenye namba kubwa anaweza kuona kingo za rangi akitazama kwa pembeni ya lenzi. Trivex, yenye kipimo cha 1.53, huvumilia mgongano vizuri, haitawanyi rangi kama polikaboneti na ni nyepesi mno. Ningeichagua kwa mtoto mwenye namba ya wastani kabla ya polikaboneti, kama inapatikana. Kwa namba kubwa kuna plastiki za 1.60, 1.67 na 1.74, ambazo hupunguza unene wa kingo kwa wasioona mbali na unene wa katikati kwa wasioona karibu. Plastiki ya 1.60 mara nyingi ndiyo suluhu ya busara kwa mtu mwenye dayopta 3 hadi 5. Kuruka moja kwa moja hadi 1.74 kwa namba ya namna hiyo ni kulipia wembamba ambao hauonekani.

Kioo bado kipo, na kina sifa moja ambayo plastiki haina: uwezo wake wa kubadilika hauchoki upesi. Lakini ni kizito, huvunjika vibaya, na kwa kuwa chembe zake zimetapakaa katika unene wote, sehemu nene ya lenzi hukolea kuliko sehemu nyembamba. Mtu mwenye namba kubwa aliyevaa lenzi za kioo anaweza kuonekana ana duara jeusi katikati ya kila jicho, au ukingo mweusi, kutegemea aina ya namba yake. Katika lenzi nyingi za plastiki tatizo hili limeepukwa kwa kuiweka rangi kwenye tabaka jembamba lenye unene sawa upande wa mbele. Baadhi ya lenzi za plastiki za bei nafuu bado huchanganywa rangi katika mwili mzima, kwa hiyo muulize fundi rangi imewekwa wapi, hasa ikiwa macho yako mawili yana namba zinazotofautiana sana, la sivyo jicho moja litaonekana jeusi kuliko jingine.

Hatua ya tano: chagua kundi la lenzi linalolingana na karatasi yako

Sokoni kuna majina mengi, kama Transitions, PhotoFusion ya ZEISS, Sensity ya Hoya na ColorMatic ya Rodenstock, na kila moja lina matoleo kadhaa. Badala ya kuyakariri, yagawe katika makundi mawili makuu.

Kundi la kwanza ni la matumizi ya jumla. Ndani ya nyumba halina rangi inayotambulika kwa urahisi, nje hukolea vya kutosha kwa mtembea kwa miguu, na ndani ya gari halifanyi kitu. Toleo jipya la kundi hili kwa kawaida hufifia upesi kuliko lililotangulia, na kasi hiyo ya kufifia ndiyo inayofaa kulipiwa, kwa kuwa tofauti katika kukolea huwa ndogo kuliko matangazo yanavyodai.

Kundi la pili ni la lenzi zenye rangi nzito, zilizotengenezwa kwa ajili ya joto, mwanga mkali na madereva. Mfano unaojulikana ni Transitions XTRActive. Hizi huamshwa na urujuanimno pamoja na sehemu ya mwanga unaoonekana, kwa hiyo hupata rangi ya wastani nyuma ya kioo cha gari na hustahimili joto vizuri zaidi. Gharama yake ni kwamba hubaki na kivuli chepesi hata ndani ya nyumba, na kufifia kwake huchukua muda mrefu kidogo. Mtu asiyependa macho yake yaonekane yana kivuli kwenye mikutano au kwenye picha atachukizwa nazo, ilhali mtu anayesumbuliwa na mwanga wa taa za ofisini anaweza kuzifurahia kwa sababu hiyohiyo.

Ili kulinganisha lenzi kwa haki, uliza kiwango cha kichujio. Kiwango cha kimataifa cha miwani ya jua, ISO 12312-1, kina ngazi tano: ngazi ya 0 hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoonekana, ya 1 hupitisha asilimia 43 hadi 80, ya 2 asilimia 18 hadi 43, ya 3 asilimia 8 hadi 18, na ya 4 asilimia 3 hadi 8 tu. Lenzi nzuri ya matumizi ya jumla huanzia ngazi ya 0 na kufikia ya 3 ikikolea kabisa katika hali ya hewa ya wastani. Ngazi ya 4 haifai kuendeshea gari wakati wowote. Kwa kuendesha usiku au wakati wa magharibi, lenzi inapaswa kupitisha angalau asilimia 75 ya mwanga inapokuwa imefifia. Dereva wa usiku anayefikiria kundi la pili aombe takwimu hiyo kabla ya kulipa.

Usichanganye weusi na kinga. Lenzi yenye rangi nzito isiyozuia urujuanimno inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa kuwa mboni hupanuka nyuma ya giza hilo na kuruhusu miale mingi zaidi. Habari njema ni kwamba lenzi za fotokromiki za plastiki kutoka kwa watengenezaji wanaoaminika huzuia urujuanimno zikiwa zimekolea na zikiwa zimefifia vilevile. Tafuta maelezo kwamba kinga inafika nanomita 400.

Kuna kazi ambazo lenzi za kawaida za fotokromiki hazizifai: kuchomelea vyuma, kutazama kupatwa kwa jua, na kukaa muda mrefu kwenye theluji ya milima mirefu au majini. Majini tatizo ni mng'ao unaoruka kutoka juu ya maji, na mng'ao huo hukatwa na kichujio cha polaraizesheni, ambacho lenzi nyingi za fotokromiki hazina.

Hatua ya sita: rangi, matabaka na fremu

Rangi ni suala la upendeleo zaidi kuliko la tiba. Kijivu hubadilisha rangi za vitu kwa kiasi kidogo zaidi, kahawia huongeza utofauti wa vitu mwanga unapokuwa hafifu kiasi, na kijani kiko katikati. Fundi wa rangi, mshonaji au mpiga picha achague kijivu. Wengine wachague inayowapendeza.

Tabaka la kuzuia mng'ao lisikosekane. Lenzi inapokuwa nyeusi upande wa mbele, mwanga unaotoka nyuma ya mvaaji huakisiwa kwa urahisi na uso wa ndani na kumfanya aone taswira ya jicho lake mwenyewe. Tabaka hilo huondoa kero hiyo, na usiku hupunguza viduara vya taa za magari. Tabaka la kuzuia mikwaruzo kwa kawaida huja pamoja nalo. Kuhusu nyongeza ya kuchuja mwanga wa buluu kwa ajili ya kompyuta, nisingeilipia: mapitio ya utafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2023 hayakuona kwamba lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho wa muda mfupi kwa watumiaji wa kompyuta. Kupumzisha macho kwa kutazama mbali mara kwa mara hakuna gharama.

Fremu inahusika na jua kuliko watu wanavyodhani. Fremu ndogo iliyokaa mbali na uso huacha mwanga uingie kwa juu na pembeni, na lenzi iliyokolea vizuri haiwezi kuzuia mwanga usiopita ndani yake. Chagua fremu pana kiasi, inayokaribia nyusi bila kugusa kope. Mwenye namba kubwa atafute uwiano, kwa kuwa lenzi pana ni nene na nzito pia. Kwake fremu ya duara au ya ukubwa wa wastani yenye mikono mipana ni bora. Fremu zisizo na ukingo, ambazo lenzi hutobolewa kwa skrubu, ziwekewe Trivex au polikaboneti, kwani CR-39 hupasuka kirahisi kwenye matundu.

Hatua ya saba: jaribio la dukani na maandishi ya oda

Wauzaji wengi huonyesha lenzi kwa kuimulika na kijitaa cha urujuanimno, na lenzi huiva mbele ya macho yako papo hapo. Onyesho hilo linathibitisha tu kwamba lenzi inabadilika. Halisemi lolote kuhusu weusi wake juani wala muda wa kufifia. Omba sampuli uende nayo nje. Funika nusu yake kwa karatasi ngumu, iache juani kwa dakika mbili, kisha ondoa karatasi na ulinganishe nusu mbili juu ya kitu cheupe. Rudi nayo ndani ya duka, tazama saa, na uone itachukua muda gani hadi mstari kati ya nusu hizo upotee karibu kabisa. Ukiwa na sampuli mbili, zijaribu kwa wakati mmoja, mahali pamoja, kwa kuwa joto na saa ya siku vitabadilisha matokeo. Kama uliandika gari kwenye karatasi yako, ipeleke sampuli nyuma ya kioo cha mbele cha gari lolote lililoegeshwa juani.

Baada ya kuamua, hakikisha karatasi ya oda inataja kwa maandishi jina la lenzi na toleo lake, mali ghafi na kipimo chake cha kupinda mwanga, rangi, matabaka, na muda wa dhamana kwa kila kitu. Neno "fotokromiki" peke yake kwenye risiti halikulindi, kwa sababu linatosha kwa lenzi bora na kwa lenzi hafifu kabisa. Watengenezaji wakubwa hutoa cheti au kadi ya uhalisi, na wengine huchora alama ndogo mno kwenye lenzi ambayo fundi anaweza kukuonyesha kwa kuielekeza kwenye mwanga.

Hatua ya nane: siku ya kuichukua na miaka inayofuata

Siku ya kuichukua, vaa miwani ukasome maandishi ya mbali na ya karibu, kwanza kwa jicho moja moja. Kisha toka nje kwa dakika mbili, uivue na kuilaza juu ya karatasi nyeupe: lenzi zote mbili ziwe na rangi moja na weusi mmoja, bila madoa wala mistari. Tofauti yoyote inayoonekana kwa macho ni sababu ya kuirudisha hapohapo. Lenzi mpya zinaweza kuwa na mwenendo usiotulia mwanzoni na kutulia baada ya kukolea na kufifia mara kadhaa, kwa hiyo zipe siku chache za matumizi ya kawaida kabla ya kutoa hukumu kuhusu kasi.

Utunzaji ni wa kawaida, ila joto ndilo adui mkubwa. Usiiache miwani kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani; tabaka la kuzuia mng'ao hutanuka tofauti na plastiki iliyo chini yake na kuanza kuchanika kwa nyufa nyembamba. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini isiyo na krimu, uikaushe kwa kitambaa laini, na uihifadhi kwenye kasha, kwani urujuanimno unaoipata ikiwa juu ya meza karibu na dirisha unaichosha bila faida yoyote.

Molekuli za rangi huchoka. Baada ya miaka miwili au mitatu ya matumizi ya kila siku, lenzi ya plastiki kwa kawaida hukolea kidogo kuliko zamani, hukawia kufifia, au hubaki na kivuli cha manjano ikiwa ndani. Rudia jaribio la karatasi ngumu mara moja kwa mwaka, katika msimu uleule, ili uone badiliko ambalo mazoea hulificha. Na lenzi moja ikivunjika baada ya mwaka au zaidi, badilisha zote mbili: ile mpya na ile kuukuu hazitakolea kwa kiasi kimoja, na jicho moja litakuwa kwenye kivuli kizito kuliko mwenzake kila unapotoka nje.